Mtandaoni kuna nini cha kumfundishia mtu mzima kusoma na kuandika?

Mwalimu wa Jioni, Uyole

Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionizidi umri.

Nafundisha kusoma na kuandika hapa Uyole, Mbeya. Tumeazimwa chumba kwenye shule ya msingi, tunaanza saa kumi na moja jioni na kuendelea mpaka giza lituzidi, maana taa ya chumba kile haina uhakika. Wanafunzi wangu ni watu wazima: akina mama wanaouza viazi na kabichi pale stendi, fundi mwashi, kijana wa bodaboda, mama ntilie, na bibi mmoja wa Kisafwa ambaye wajukuu zake wameshafika sekondari. Wapo pia mabinti wawili wa miaka kumi na sita hivi walioachia shule darasa la nne.

Kila mmoja ana kilichomleta. Mama wa viazi anataka ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu ausome mwenyewe. Kwa sasa anampa mtu wa pembeni amsomee, na salio lake linajulikana stendi nzima. Fundi anataka aandike makadirio ya vifaa badala ya kuyabeba kichwani mpaka kwa mwenye nyumba. Bibi anataka ukitajwa wimbo kanisani aufungue bila kumgusa bega jirani yake. Kijana wa bodaboda anataka leseni.

Nimetafuta sana mtandaoni. Vya Kiswahili ninavyovipata karibu vyote vimetengenezewa mtoto wa miaka sita: katuni, nyimbo za kupiga makofi, sungura na fisi. Kuna jioni niliwachapia hadithi fupi, maneno mepesi, silabi zimekaa wazi kabisa. Fundi akaitazama ile picha ya sungura, akaigeuza karatasi kifudifudi, akaniambia kwa heshima zote, "Mwalimu, hii nikifika nayo nyumbani mwanangu ataniuliza nasoma darasa la ngapi." Hakuonekana tena mpaka nilipomfuata kazini kwake kumwomba arudi.

Na ana haki. Hawa si watoto. Mama wa viazi anakokotoa bei ya magunia kichwani mimi bado natafuta kalamu. Anajua mvua, anajua madalali, amesomesha watoto. Kilichomkosa ni herufi tu, na mimi simtendei haki nikimkalisha mbele ya kitu kinachomwona kama hajui lolote.

Kwa hiyo naomba msaada. Mtandaoni kuna vifaa gani vya bure, vya Kiswahili, ambavyo mtu mzima hatavionea aibu? Nahitaji vya kupakua mara moja nikavitumia bila bando, kwa sababu simu janja darasani ni yangu tu, wengine wana vitochi. Kuchapa karatasi chache pale Mwanjelwa naweza. Na je, mnaanza na a e i o u kama darasa la kwanza, au ipo njia nyingine? Aliyewahi kufundisha watu wazima anijibu hata kwa kirefu, nitasoma chote.

Mchuma Chai, Mufindi

Dada mwalimu, pole na kazi. Mimi sikusomea ualimu, ila Jumapili mchana nakaa na wenzangu wa mashamba ya chai, tunasomeshana.

Usiiache African Storybook. Ni tovuti ya taasisi ya Afrika Kusini iitwayo Saide, ipo tangu 2014, na hadithi za Kiswahili ni nyingi, bure. Ni kweli nyingi ni za watoto, lakini zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zenye maneno machache kila ukurasa hadi za aya ndefu, na huko ngazi za juu utakuta mambo ya watu wazima pia. Ipo ya Wangari Maathai na miti yake, hiyo akina mama wangu waliisoma wakaijadili mpaka chai ikapoa. Pakua programu yao ya kusomea kwenye simu ukiwa sehemu yenye Wi-Fi, shusha hadithi unazozitaka, baada ya hapo zinafunguka bila intaneti.

Kilicho kizuri zaidi ni leseni. Zimewekwa kwa leseni ya Creative Commons inayokuruhusu kunakili, kubadilisha na kuchapa, mradi umtaje mwandishi. Maana yake huyo sungura unaweza kumtoa. Chukua maneno, yaandike upya kwenye karatasi nyeupe kwa herufi kubwa, badilisha jina la kijiji liwe Igawilo, na fundi wako hataigeuza karatasi.

Ila nikwambie ukweli, kitu kilichotusaidia kuliko vyote hatukukipakua popote. Mtu anasimulia jambo lake, sentensi nne tano, na mimi naandika vilevile alivyosema, simpambii. Mama mmoja alisimulia hivi: "Mwezi wa sita baridi iliunguza chai. Vidole vilikufa ganzi. Kilo zilikuwa chache. Jioni tuliota moto tukacheka." Nikaichapa. Jumapili iliyofuata aliishika karatasi na kuisoma, kwa sababu maneno anayajua, yametoka kinywani mwake; macho yalikuwa yanayatafuta tu. Wengine nao wakataka kusoma ya mwenzao, na kila mmoja akataka yake iandikwe. Sasa tuna kijitabu chetu.

Ukipata kompyuta hata ya kuazima, weka programu inayoitwa Bloom, ya shirika la SIL. Imetengenezwa kwa watu kama sisi wanaotaka kuandika vijitabu kwa lugha zao. Ukishaiweka inafanya kazi bila intaneti, na inakupangia kurasa ili ukichapa na kukunja karatasi katikati kitoke kitabu kamili. Maktaba yao ya mtandaoni nayo ina vitabu vya Kiswahili.

Halafu kuna Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vitabu vya kiada viko humo bure. Vile vya darasa la kwanza na la pili visome wewe mwalimu, uone herufi na silabi zinavyofuatana. Mwanafunzi usimpe.

Mstaafu wa Kisomo, Njombe

Marahaba mwanangu. Kamwene. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyonilea.

Nilianza ujana wangu katika elimu ya watu wazima, enzi darasa lilikuwa chini ya mwembe au kwenye ghala la ushirika. Mwalimu Nyerere, katika salamu zake za mwaka mpya usiku wa kuamkia 1970, aliutangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na nchi ikaitika. Mwaka 1967 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67 ya watu wazima. Kufikia 1986 hesabu ya serikali ilikuwa imeshuka hadi kama asilimia 10. Mtandao haukuwepo. Kulikuwa na redio: kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikusanya karibu watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kijitabu mkononi, kisha wanajadili na kwenda kuchimba vyoo. Na kulikuwa na vitabu vya kazi. Kule kanda ya Ziwa mkulima wa pamba alisoma kitabu cha pamba, mvuvi alisoma kitabu cha uvuvi. Tuliita kisomo chenye manufaa, na katika hilo hatukumwonyesha mtu mzima sungura hata siku moja.

Sasa umeuliza kama uanze na a e i o u. Hapana. Anza na neno zito, neno ambalo mtu akilisikia anaona kazi yake. Kwako Uyole neno hilo ni VIAZI.

Liandike ubaoni zima. Kabla hujalikata, waache walizungumze: bei ikoje, nani anapanga bei, lumbesa, lile gunia la kujaza kupita kipimo, inamuumiza nani. Usiwaharakishe hapo, maana ndipo wanapojua kwamba herufi zimekuja kwa ajili yao. Kisha likate: vi-a-zi. Chini ya *vi* andika ukoo wake: va ve vi vo vu. Chini ya *zi*: za ze zi zo zu. Irabu zenyewe zimeshajileta. Sasa waambie wachukue vipande waunganishe wenyewe. Watapata *uza*. Watapata *oza*, *zao*, *vaa*, *vua*, *vazi*, *zoea*. Yule mama mwenye kadi ya kliniki atapata *uzazi* na kuanza kuiangalia kadi yake. Jioni hiyohiyo ya kwanza darasa linasoma sentensi kamili: Uza viazi.

Neno la pili liwe GUNIA. Gu-ni-a: ga ge gi go gu, na ne ni no nu. Na hapa, mwanangu, ndipo Kiswahili kinapokupa zawadi, kwa sababu *ni* na *na* zikishaingia mtu anaweza kujisema. *Ninauza viazi.* *Ananunua gunia.* Nimewaona watu wazima wakiandika sentensi yao ya kwanza yenye "ninauza" au "ninavuna" na kukaa wakiitazama, na hakuna hata mmoja aliyekosa kesho yake. Siku hiyo usiongeze somo jingine.

*Mbolea* usiikimbilie japo ni neno lao la kila siku, ile *mbo* ni ngumu kwa anayeanza. Vivyo hivyo *ndizi*, *nyanya*, *ng'ombe*. Zina wakati wake.

Njia hii si yetu peke yetu. Paulo Freire, Mbrazili, aliifanya Angicos mwaka 1963 na vibarua wapatao 300, wakianza na maneno ya maisha yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika hadi kwetu, akakaa na watu wa elimu ya watu wazima Dar es Salaam. Kireno nacho kinakatika kwa silabi, kwa hiyo tulielewana naye bila taabu.

Jambo jingine la huku kwetu. Wengi wetu, Wabena, Wahehe, Wanyakyusa, r na l zinatuchanganyikia mdomoni. Mtu atasoma "balabala". Usimkatize akiwa anasoma, ukimkatiza ataogopa kusoma kwa sauti. Mwache amalize, kisha mrekebishe kwenye maandishi.

Na hapohapo Uyole mna kituo cha utafiti wa kilimo, TARI. Waombe vipeperushi vya Kiswahili vya kilimo. Hakuna mtu atakayeona aibu kubeba kipeperushi cha kilimo mpaka nyumbani.

Muuguzi, Ilula

Shikamoo mzee wa Njombe. Nachangia kidogo upande wangu.

Mwalimu, kabla hujasema mtu ni mzito kushika, chunguza macho yake. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho inapoteza ule wepesi wa kujirekebisha, mtu anaona mlima wa mbali vizuri kabisa lakini maandishi ya karibu ni ukungu. Asiyewahi kusoma hajui kwamba macho yamebadilika, anadhani herufi ndivyo zilivyo. Mtazame kama anaisogeza karatasi mbali na uso. Au mpe sindano na uzi atunge. Bibi yako na mama ntilie ningeanza nao.

Miwani ya kusomea ya kawaida, +1.50 au +2.00, inaondoa tatizo hilo, lakini kwanza wapimwe kituoni, maana macho mekundu au yenye mtoto wa jicho ni habari nyingine. Kule Assam, India, wachuma chai wa miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya karibu, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha uchumaji umepanda kwa zaidi ya asilimia 20 kupita wale ambao hawakupewa. Ndugu yangu wa Mufindi atanielewa. Kama miwani inamsaidia mtu kuona jani, fikiria itakavyomsaidia kuiona *i* na *l*.

Karatasi zako chapa herufi za ukubwa wa 18 au zaidi, wino mweusi, na wazee wakae karibu na dirisha.

Mwalimu Kijana, Tukuyu

Wakubwa wangu shikamooni. Dada, mimi nitasemea hao mabinti wawili, maana nafundisha wa rika hilo.

Usiwachanganye sana na akina mama, wao bado wana njia ya kurudi kwenye mfumo. Kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, inapokea wenye umri wa hadi miaka 18. Baadaye kuna Mtihani wa Maarifa, unaomruhusu anayesoma sekondari nje ya shule ya kawaida kufanya mtihani wa kidato cha nne. Nenda ofisi ya mkoa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pale Mbeya ukaulize, wasipitwe na umri. Na kama waliacha kwa sababu ya ujauzito, tangu mwishoni mwa 2021 serikali imeruhusu warudi shuleni. Wengi hawajaambiwa hilo.

Kwa programu za simu: kulikuwa na mashindano ya kimataifa ya XPRIZE yaliyojaribiwa Tanga, vijiji 170, watoto kama 2,700 wakajifunza kusoma Kiswahili kwa vishikwambi. Mwaka 2019 onebillion na Kitkit School waligawana ushindi, na kazi zao zikaachiwa wazi kwa yeyote. Ni za watoto, nakubali. Fundi usimpe. Lakini vijana wangu wanazikubali wakivaa visikilizi, kwa sababu hakuna anayewasikia wakirudiarudia sauti ya herufi, na kufuatisha herufi kwa kidole kunawalegeza mkono.

Kwa kuandika mimi sina kitabu, nina ujumbe wa simu. Kitochi kinatosha. Kila mwanafunzi ananitumia mstari mmoja kwa siku, lolote, na mimi lazima nimjibu kwa maandishi. "Leo nimepika magimbi." Namuuliza, "Na nini?" Anajibu. Wenye WhatsApp nimewaomba wasitume sauti, ila mimi nawatumia sauti yangu nikisoma polepole karatasi ya wiki, waifuate kwa kidole wakiwa nyumbani. Kundi zima linatumia bando kidogo sana.

Mwalimu wa Jioni, Uyole

Nimesoma kila neno, na nimeandika pembeni. Mungu awabariki. Kesho ubaoni ni VIAZI. Kituo cha afya nimeshaongea nao, bibi na mama ntilie wataenda wiki hii kupimwa macho. Mabinti nitawapeleka mwenyewe mjini.

Mzee wa Njombe, naomba nikusumbue mara moja tu. Fundi wangu anakandamiza penseli mpaka inakatika, mkono umezoea mwiko na nyundo. Halafu kijana wa bodaboda anataka herufi kubwa tu kwa sababu ndizo anazoziona kwenye vibao vya magari. Nianze na kubwa au ndogo?

Mstaafu wa Kisomo, Njombe

Hujanisumbua.

Anza na ndogo. Ujumbe wa simu, kitabu cha nyimbo, kipeperushi, vyote vimejaa herufi ndogo. Kubwa zije kupitia majina yao wenyewe, kila mtu ya kwake ya mwanzo, na huyo kijana umpe kazi ya kukuletea kila siku namba moja ya gari aliyoiona njiani, aiandike ubaoni. Atazimaliza zote bila wewe kumfundisha.

Fundi mpokonye penseli. Mpe chaki na sakafu, aandike kwa mkono wote, herufi iwe kubwa kama tofali, na umwambie asiinue mkono mpaka herufi iishe. Mkono ukishalegea umpe kalamu nene na daftari la mistari mipana. Na neno lake zito lisiwe viazi, liwe BATI. Ba-ti: ba be bi bo bu, ta te ti to tu. Atatoa *tabu*, *tiba*, *boti*, *beba*, *tabia*. Kisha mchoree jedwali la safu tatu, kifaa, idadi, bei, aandike bati na idadi yake, hesabu zake anazijua. Kila wiki aongeze kifaa kimoja: *koleo*, *pipa*, *kamba* ikifika zamu ya mb.

Mkikaribia *nondo* na *mbao* niandikie. Nina daftari langu la zamani lenye mpangilio wa nd, mb, ng na ny niliokuwa nautumia vijijini. Nitamwomba mjukuu alipige picha kurasa zote akutumie.